Nyama Nyekundu Ndani ya Paja

Jumamosi moja mwezi wa Septemba nilifungua friji kutafuta maziwa, nikakuta mfuko mweusi umesukumwa nyuma kabisa, chini ya sukuma wiki. Sikuuweka mimi. Ndani yake kulikuwa na mnyama aliyechunwa, mzima, amejikunja kama mtoto anayehisi baridi. Hakuwa na kichwa. Hakuwa na nyayo.

Mtu yeyote aliyekaa Eastlands ya Nairobi anajua kwa nini nilitafuta nyayo kwanza. Mnyama mdogo akishachunwa na kukatwa kichwa na miguu, mtu wa kawaida hawezi kukuambia kama ni sungura au ni paka. Mume wangu Mulama alikuwa akiuza sungura, na hakuwahi kumpelekea mteja sungura bila kumwachia unyayo mmoja wa nyuma wenye manyoya yake, ili asiulizwe swali. Huyu wa kwenye friji hakuachiwa hata mmoja.

Nilifunga friji nikaketi. Binti yetu Clare alikuwa bafuni anaoga. Clare ana miaka ishirini na mmoja, anasomea afya ya mifugo katika chuo kimoja cha mjini, na tangu baba yake afariki mwezi wa Februari tumekuwa wawili tu katika nyumba hii ya mtaa wa Jericho. Si mtoto wa kuficha vitu. Kwa hiyo nilipoona ameficha, nilianza kukumbuka na mengine. Alhamisi alirudi na glavu na pakiti ya pini alizosema amenunua soko la Muthurwa, na nilipouliza za nini, akasema za shule. Ijumaa alichelewa, na alipoingia alipitia moja kwa moja jikoni kabla ya kunisalimia.

Alipotoka bafuni nilikuwa nimeuweka ule mfuko mezani.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Alicheka kidogo, halafu akaona uso wangu. "Mathe, tulia. Si paka. Ni sungura."

"Umejuaje?"

"Nimemwona akiwa na kichwa. Nimekatiwa mbele yangu."

Akanieleza. Jumanne iliyofuata alikuwa na mtihani wa vitendo. Mwanafunzi anasimamishwa mbele ya sungura aliyechunwa, mwili wote umechomwa pini zenye namba, na kila pini anatakiwa kutaja msuli wake, unaanzia mfupa gani na unaishia wapi. Chuoni wao ni wanafunzi kumi na wanane kwa sungura mmoja, naye ni mfupi, na muda wote amekuwa akitazama migongo ya wenzake. Isitoshe, yule sungura wa chuo amekaa kwenye dawa ya maiti tangu mwaka jana, nyama yote imekuwa ya rangi moja, kijivu kama nguo ya kupigia deki. Mwalimu wao, Bwana Nuradin, aliwaambia anayeweza apate sungura mbichi amsome nyumbani.

"Sasa kwa nini umeficha?"

Hapo akatazama chini. "Kwa sababu nimemtoa kwa Githinji."

Nilichukua kikombe changu cha chai nikaenda kusimama mlango wa nyuma, ambako vizimba vya Mulama bado vipo, na ndani yake mlikuwa na sungura wanne ambao sikujua niwafanyie nini.

Githinji ana bucha na jiko la nyama choma pale soko la Burma. Mulama alipostaafu kazi ya reli alianza kufuga sungura nyuma ya nyumba, na baada ya mwaka mmoja akawa anampelekea Githinji sita kila Ijumaa. Walikuwa marafiki wa kutaniana. Githinji alimwita mchungaji wa panya wakubwa. Mulama alimwambia mbuzi wake wote walikufa uzeeni.

Mulama alikuwa na namna moja tu ya kuchinja. Alimfunga sungura miguu ya nyuma, akamtundika kichwa chini kwenye msumari ulio juu ya mlango huu wa nyuma, akamkata shingo juu ya karai, halafu akaweka kisu chini na kuimba wimbo mmoja wa kanisa, beti zote nne, polepole. Hakugusa tena mnyama kabla ya ubeti wa nne kwisha. Alisema huo ndio muda wa damu kutoka yote. Majirani walizoea. Wakisikia Mulama anaimba Ijumaa asubuhi walijua kesho watu wa Burma watakula.

Mwaka jana mwezi wa Oktoba sungura waliingiwa na mafua. Walikuwa wakipiga chafya usiku na mchana, pua zimelowa. Jumatano moja nilitoka asubuhi nikaona wawili wamelala ubavu, wamekakamaa. Jioni nilipotazama hawakuwepo. Nilimwona Mulama akirudi na gunia tupu mkononi. Nikamuuliza amewatupa wapi. Akasema, "Huko." Sikuuliza tena, lakini niliona hakunitazama aliposema.

Ijumaa alichinja kama kawaida, mimi nikiwa sokoni. Kwa hiyo sikuwaona wale sita wakichinjwa. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, kwamba siku ile moja sikuwepo.

Jumamosi mchana Githinji alikuja nyumbani. Hakuwa na utani. Alikuwa amebeba mfuko, akautua mezani mbele yetu sote wawili na kutoa sungura watano. Akaeleza kwamba mteja mmoja alivunja paja la yule wa sita akaona, katikati ya nyama nyeupe, kipande cheusi kama damu iliyoganda. Akapiga kelele mpaka watu wa meza nyingine wakaacha sahani. Githinji siku zote alikuwa akiwachoma sungura wazima, hajawahi kupasua paja bichi. Siku hiyo akawapasua hao watano waliobaki. Akatuonyesha. Wote walikuwa na kitu kile kile, ndani kabisa, karibu na mfupa: nyama nyembamba kama kidole, nyekundu iliyokolea, imelala kati ya nyama nyeupe.

"Mzee Mulama," akasema, "mimi nimechinja mbuzi miaka ishirini. Damu ikibaki ndani ya nyama namna hii, mnyama huyo hakuchinjwa. Alijifia, ndipo akakatwa."

Mulama alitazama lile paja. "Sungura ndivyo alivyo," akasema.

"Ndivyo alivyo vipi? Nyama nyingine yote ni nyeupe."

"Ndivyo alivyo. Nimewachinja kwa mkono wangu."

Githinji akanigeukia mimi. "Mama Clare, wewe unaishi hapa. Sema."

Ningeweza kusema kwamba mume wangu hawezi kumlisha mtu nyamafu. Miaka ishirini na sita sikuwahi kumkuta na uongo mkubwa. Lakini nilikuwa nikiliona lile gunia, na nilikuwa nikisikia lile neno "huko." Nilitazama meza. Nilikaa kimya muda ambao mtu anaweza kuvaa viatu vyote viwili. Githinji akatikisa kichwa, akaacha nyama pale pale, akaondoka. Kufikia Jumatatu Burma nzima ilijua kwamba Mulama wa Jericho anauza sungura waliojifia.

Githinji alipotoka Mulama aliniuliza, "Hata wewe?"

Nikamwambia, "Wale wawili uliwatupa wapi?"

Hakunijibu, siku ile wala siku nyingine. Alichukua mguu mmoja kati ya ile ya mezani, akaupika, akaula. Kuanzia hapo, kila Jumapili nilipotoka kanisani nilimkuta amechinja sungura mmoja na kumpika na vitunguu vingi. Alinipakulia. Mimi nilikula ugali na mboga. Yeye alikula nyama yake taratibu, anatafuna, ananitazama bila hasira. Jumapili kumi na nne au kumi na tano tulikula hivyo. Mwezi wa Februari presha ikampanda akiwa njiani kwenda kununua dawa za sungura, na hakurudi. Tulimzika kwao Butere.

Clare alikuwa akikaa bweni la chuo wakati huo wote. Alijua kwamba Githinji aliacha kununua kwa sababu ya maneno ya mteja. Hakujua mimi nilikaa vipi mezani siku ile.

Basi alipotaja jina la Githinji nilisimama pale mlangoni mpaka chai ikapoa. Mwishowe Clare akaniita kwa sauti ya kawaida, akasema kama nitamsaidia kumshikia kitabu atamaliza haraka na kuiondoa hiyo nyama nyumbani. Nikaenda. Alikuwa ametandika gazeti juu ya meza, amemlaza sungura kwa tumbo kwenye sinia, amevaa glavu.

Sijawahi kuona mtu akiifungua nyama bila kuikata. Alikuwa na kisu kidogo lakini hakukitumia sana. Alitumia vidole na mpini wa kijiko. Aliupata ule utando mwembamba kati ya msuli na msuli, akauchana polepole, na misuli ikaachana yenyewe kama kurasa zilizolowa. Kila alioutenga aliuchoma pini yenye bendera ndogo ya karatasi, akataja jina, nami nikatazama kitabuni kama ni kweli. Nilimaliza kidato cha nne, lakini yale majina yalinishinda. Ule mrefu wa mgongoni, laini, mweupe, ambao sisi tunauita nyama ya mgongo tu, una jina refu kuliko wenyewe. Makalio yana misuli mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ubavu wa paja una mmoja mpana kama ubapa wa mkono.

"Huu?" nikauliza, nikionyesha.

"Biceps wa paja. Unaanzia kwenye mifupa ya mkia, unashuka mpaka goti."

"Na huu wa nyuma yake?"

"Semitendinosus."

"Mtu aliyeupa jina hilo alikuwa na kazi nyingine?"

Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumchekesha tangu mazishi. Kisha akaukata ule mpana, akaukunja pembeni, akaingiza kidole ndani ya paja, akafungua.

Niliona kabla hajasema kitu. Ilikuwa ile ile. Nyekundu, nyembamba, imelala ndani kabisa kati ya nyama nyeupe.

Sitaficha nilichofikiri. Nilifikiri, Githinji, nimekupata. Mtu aliyeharibu jina la mume wangu kwa ajili ya nyamafu, sasa anauza nyamafu yeye mwenyewe, na kwa binti wa marehemu. Nilisimama. Nilimwambia Clare asiiguse tena nyama ile, avue glavu, anawe, tutaipeleka hivyo hivyo na pini zake kwa maafisa wa afya.

"Kwa nini?"

"Huoni damu? Huyu alijifia."

Clare aliinama akatazama, akabonyeza ile nyama nyekundu kwa kidole, akapangusa na karatasi nyeupe. Karatasi haikupata damu. Akanionyesha.

"Si damu, mathe. Ni msuli. Hata huu ndio nilikuwa nautafuta." Akachukua kitabu mkononi mwangu, akafungua mbele. "Mwalimu alituambia tukipata mbichi tutauona. Sungura ana misuli ya aina mbili. Hii myeupe ni ya kuruka, inavuta mara moja kwa nguvu na kuchoka. Mwekundu ni wa kazi ya siku nzima, kukaa, kujishikilia asianguke. Angalia hata hapa." Akashuka kwenye mguu, chini ya goti, akafungua, na kulikuwa na mwingine mwekundu, mdogo zaidi, umejificha nyuma ya mfupa. "Kila sungura anao."

"Kila sungura?"

"Kila mmoja. Huyo wa chuo pia anao, ila dawa imeua rangi."

Nilimwambia kitabu kimeandikwa na watu ambao hawajui sungura wa Nairobi. Nikamwambia huyu mmoja hathibitishi chochote, kwa sababu ametoka kwa Githinji, na kama Githinji alimpata amekufa basi bila shaka atakuwa hivyo. Clare alinitazama kama anayepima mtu homa.

"Unataka nini, mathe?"

"Nataka mmoja wa hapa. Nimchague mimi."

Nilienda kwenye vizimba nikamchagua dume la kijivu, mzima, anayekula vizuri, pua kavu. Nilimshika mwenyewe. Clare alimfunga miguu, tukamtundika kwenye ule msumari. Clare ndiye aliyekata, mimi nilishika karai. Alitaka kutumia saa ya simu kungoja damu itoke. Nikamwambia hapana. Nikaimba. Sauti yangu si nzuri, na ubeti wa tatu nilikuwa nimeusahau nusu, nikaurudia mpaka ukaja.

Jirani yetu Aloo alitokea kwenye ukuta, ameshika mswaki. "Nikadhani mzee amerudi," akasema. "Mama Clare, leo mnachinja au mnaombea?"

"Tunasoma," Clare akamwambia.

"Mkimaliza masomo, mimi ni mwanafunzi wa supu." Akaona sikucheka, akaondoka na mswaki wake.

Tulimchuna pale pale. Sikumruhusu Clare amwingize ndani, nilitaka jua lote. Akafungua paja la kulia kwa vidole, taratibu kama alivyofanya mezani. Nyama ilikuwa bado na joto. Nyeupe, nyeupe, na ndani yake ule mwekundu. Nikamwambia afungue la kushoto. Akafungua. Ulikuwepo.

Hapakuwa na mtu wa kumshuku tena. Mimi ndiye niliyemchagua, mimi ndiye niliyemshika, na damu yake ilikuwa kwenye karai langu.

"Baba alisema hivyo," nikasema. "Alisema sungura ndivyo alivyo."

"Alimwambia nani?"

"Githinji. Siku alipoleta nyama."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Mikono ya Clare bado ilikuwa imefungua lile paja. "Na wewe ulimwambia Githinji nini?"

Nikamwambia yote. Wale wawili waliokakamaa, gunia, lile "huko," na kwamba Githinji aliponiuliza sikusema neno. Nikamuuliza kama kuna msuli unaoweza kutuambia gunia lilikwenda wapi. Akasema hakuna. Alisema ugonjwa ule wa chafya unaua sungura kwenye kila kizimba na si aibu, labda baba aliona aibu tu. Labda. Mpaka leo sijui gunia lilikwenda wapi, na sitajua.

Clare alivua glavu moja, halafu nyingine, akaziweka juu ya ukuta. Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

"Basi nenda umwambie sasa," akasema. "Githinji yuko Burma mpaka saa kumi na mbili."

Nilikata mguu mmoja wa nyuma wa yule dume, nikaufunga kwenye mfuko, nikavaa viatu.

Burma Jumamosi mchana moshi ni mwingi kiasi kwamba unasikia watu kabla ya kuwaona. Githinji alikuwa mezani kwake anakata mbavu. Aliponiona aliacha panga, akafuta mikono kwenye aproni, akaja mpaka nje ya kaunta. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Mama Clare. Msichana alikuja jana. Nilimwambia angoje nimpe unyayo mmoja, akasema shule wanataka bila nyayo."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanitoka. Nilifungua mfuko, nikaweka mguu juu ya kaunta, nikaufungua kwa vidole gumba kama nilivyoona Clare akifanya. "Huyu nimemshika mwenyewe akichinjwa leo," nikamwambia. "Tazama."

Githinji hakuinama kutazama. Alinitazama mimi.

"Najua, mama," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba wote wako hivyo."

Alinivutia benchi. Akanieleza kwamba mwezi wa Desemba wateja walianza tena kuulizia sungura, akapata mama mmoja wa mtaa wa Fedha anayefuga, anaitwa Lorraine. Safari hii hakutaka kuaibika, akaenda mwenyewe kwa Lorraine, akasimama pale akichinjwa wa kwanza, akapasua paja. Nyekundu. Akamwambia Lorraine huyo ni mgonjwa, amchinje mwingine. Nyekundu. Walipofika wa nne Lorraine akamuuliza kama amekuja kununua sungura au kuwamaliza.

"Nilikuja kwenu," Githinji akaendelea. "Januari, Jumapili ya pili. Wewe ulikuwa kanisani. Nilimkuta mzee anapika. Nikamwomba msamaha, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Akaniambia niketi nile. Nikamwambia nitakungoja urudi, nikueleze na wewe, kwa sababu siku ile ulinyamaza na mimi nilichukua kunyamaza kwako kuwa ushahidi. Akakataa."

"Alikataa nini?"

"Kwamba nikuambie. Alisema, mwache. Akiniamini, aniamini kwa mdomo wangu, si kwa mdomo wa mwenye bucha."

Watu walipita nyuma yangu na sahani. Mtu mmoja alikuwa anaomba kachumbari iongezwe pilipili.

Halafu, nasema ukweli, nilianza kumshuku. Mtu aliyemharibia mwenzake jina ana kila sababu ya kusema kwamba yule aliyekufa alimsamehe. Nani atampinga? Alikuja matangani, alikaa karibu na hema, alinywa chai, hakuniambia kitu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema jambo kama hilo huwezi kumwambia mjane mbele ya jeneza, na baada ya hapo kila wiki ilionekana si wiki ya kulisema, na isitoshe alikuwa ameahidi. Ni jibu zuri. Mtu mwongo pia angekuwa nalo.

Nilikuwa na maswali ya kumnasa. Nilimjua Mulama. Nilijua kiti alichompa mgeni na kile ambacho hakumpa mtu yeyote. Nilijua anachosema kabla ya kula na jinsi anavyogawa nyama. Maswali matatu tu, na ningejua kama Githinji aliingia nyumbani kwangu Jumapili hiyo au hakuingia. Nilifungua mdomo. Githinji alikuwa amesimama, mikono kwenye aproni, anangoja, na niliona kwamba anajua ninachotaka kufanya na hatajitetea.

Sikuuliza la kiti.

"Alicheka siku hiyo?" nikamuuliza.

Kwangu kwenye ile meza hakuwahi kucheka tena, tangu Oktoba.

Githinji alifikiri. Kisha uso wake ukalegea. "Alinicheka mimi," akasema. "Nilipomweleza ya Lorraine, wale sungura wanne. Alisema mtu wa mbuzi ukimpa sungura ataita polisi. Alicheka mpaka akapaliwa, akakohoa, nikamletea maji."

Wanaume wengi wazee hukohoa wakicheka. Nililijua hilo hata nikiwa nimeketi pale.

"Ndiyo," nikamwambia. "Huyo ni yeye."